Viwavi Wenye Pembe

Jambo hili liligharimu mndimu mmoja, mwanangu. Mndimu wangu mwenyewe, uliokuwa karibu kuzaa, uliliwa majani yote ukabaki vijiti, nami nautazama. Nimeipiga hesabu hiyo, nikairudia, na kila mara naona nilinunua rahisi.

Nakumbuka asubuhi yenyewe. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Usinge, tukitoka Mtendeni nilikokuwa nikiuza ndimu na vitunguu sokoni. Kijiji kilikuwa kipya, watu wametoka huku na huku, hakuna aliyemjua babu wa mwenzake. Shamba la pamoja lilikuwa na kitalu cha miche ya michungwa, na aliyepewa kazi ya kukimwagilia ni Bibi Kabula, mjane wa Kisukuma aliyeletwa kutoka upande wa Igunga bila mtoto wala ndugu. Basi asubuhi hiyo tukakuta majani yametafunwa, na juu yake viwavi wanene wa kijani. Jirani yangu, Mama Zena, akamgusa mmoja kwa kijiti. Kiwavi akainua kichwa, akatoa pembe mbili nyekundu, na harufu kali ikatupiga puani.

“Mdudu gani ana pembe?” Mama Zena akaruka nyuma. “Huyu ametumwa!”

“Na nani?”

“Na huyo anayeshinda naye hapa peke yake. Au wewe huna macho?”

Sikucheka, mwanangu. Hata mimi niliogopa. Jioni ukaitishwa mkutano, na watu wakataka Bibi Kabula aondoke kesho yake. Aende wapi? Kijiji alikotoka kilikuwa kimehamwa chote, na njia ya huko ilikatiza pori la simba. Aliketi chini, kanga ameikunja magotini.

Elimu ya wadudu sikuwa nayo. Nilikuwa na mazoea ya sokoni tu: sitoi hela kabla sijaufungua mzigo nikauona. Nikasimama.

“Shikamoo Mwenyekiti. Naomba tumpe mpaka mwezi uandame.”

“Marahaba. Mwezi mbali. Mpaka gulio.”

“Gulio ni keshokutwa, baba. Hata nyanya haitaiva.”

“Haya, gulio linalofuata.”

“Niongezee, nami natoa mndimu wangu. Waleteni viwavi hao, tuwafunike kwa chandarua, na Bibi Kabula asikanyage uani kwangu. Mama Zena alale hapo mlangoni akitaka. Kama wametumwa, tutaona wanarudi kwa nani.”

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye alikuwa mtu wa kupenda kupatana, akakubali mpaka mwezi uandame.

Viwavi walikula kama wageni wa harusi. Kisha wakaacha ghafla, wakajifunga kwa uzi kwenye vijiti, wakawa maganda yasiyotikisika.

“Wamekufa,” akasema Mama Zena, “na mndimu wako umekufa. Umefanya biashara hapo!”

Lakini mwezi haujaandama, ganda moja likapasuka. Akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, mabawa yamelowa. Mwenyekiti akainama.

“Huyu? Si yule wa kila siku, anayezungukazunguka mindimu?”

Ndiye. Vipepeo wetu wote tuliwajua: weupe wadogo wanaojazana kwenye tope la kisima, wa rangi ya chungwa wa kandokando ya njia, penye majani yatoayo maziwa, na wale wakubwa wa miomboni wanaoacha maua wakafuata machicha ya pombe, kama baadhi ya waume zetu. Makazi yao tuliyajua. Kumbe huyu mweusi alizunguka mindimu na michungwa kwa kuwa ndiko anakotagia, nasi hatukuwahi kuuliza watoto wake wanafananaje.

Bibi Kabula akaitwa. Akamtazama kipepeo, akatutazama sisi.

“Kwa hiyo leo nimekuwa mtu tena?”

Mama Zena akamshika mkono akilia. Bibi hakuuvuta mkono wake, wala hakuukaza. Aliishi nasi mpaka tulipomzika, ila kitaluni hakurudi tena, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Ninalokuusia ni hili, mwanangu. Ukikuta watu wamemkalia mtu kikao, nawe ukweli huujui, usinyamaze kwa sababu hujui. Hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuomba muda. Omba mwingi, watakupunguzia. Mungu akupe ulimi usioogopa mkutano, na siku yako ikifika akuwekee jirani wa kukuombea.

Sasa nishauri na mimi. Hapa mtaani kuna mama mgeni. Mtoto wa jirani yake ameugua, na tangu hapo watu hawanunui maandazi yake. Kikao ni Ijumaa, na miguu yangu hainifikishi huko. Nitume neno gani? Na je, utanipelekea wewe?