Namba Nne Usoni mwa Bibi Mbuke

Hebu mfikirie mwanamke anashuka kwenye basi pale Chimala, saa tano ya asubuhi, jua la Usangu likiwaka bila huruma, naye amevaa sweta. Usimcheke. Alfajiri ya siku hiyo alikuwa bado Mufindi, kwenye ukungu unaopenya mpaka kwenye mifupa, na tangu hapo mikono yake haikupata nafasi ya kuvua kitu. Mkono mmoja ulikuwa umekumbatia mkoba wa ngozi kama mtu aliyebeba kichanga. Mwingine ulikuwa unamwelekeza utingo namna ya kushusha sanduku lake la mbao.

"Taratibu, baba. Taratibu!"

"Kwani mama umebeba mayai?"

"Nimebeba dawa za kusafishia picha. Zikikumwagikia unatoka mweupe kama negativu."

Utingo aliliweka sanduku chini kwa adabu kuliko mzigo wowote alioushusha siku ile.

Huyo ndiye Apolonia Kalinga wa Igowole, ambaye Mufindi nzima walimwita Mama Picha. Mwaka huo wa sabini na nne alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kukaa chini akamfundisha. Alianza kwa kufagia studio ya Bwana Liberatus mjini Iringa. Alifagia huku anaangalia. Alimwona bwana yule akiingia chumba cha giza na taa yake nyekundu, akichovya filamu kwenye dawa, akiitazama chini ya taa ile mpaka sura za watu zinajitokeza zenyewe. Siku Bwana Liberatus alipougua na maharusi wakafika mlangoni na nguo zao zote, Apolonia aliweka fagio pembeni akawapiga yeye. Picha zilitoka safi. Mwenye studio alipopona hakugomba. Alimpa kamera yake ya zamani, ile ya kukunja, yenye kifuko cha ngozi kinachovutika kama kinanda cha mkononi, akamwambia, "Ichukue. Imezeeka, lakini haijawahi kunidanganya."

Na kweli, kwa miaka kumi na miwili haikumdanganya Apolonia naye. Mpaka alipofika Chimala mara ya kwanza.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na mfugaji mmoja, Bujiku, Msukuma wa Maswa aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Alikuja na mama yake, Bibi Mbuke. Sasa bibi alikuwa ameamua kurudi Maswa, azeekee na kuzikwa kwenye ardhi ya wazee wake, wala hakutaka kubembelezwa. Familia ikaona angalau ibaki na picha, bibi amezungukwa na wajukuu wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika wa kumwona tena. Wakasikia sifa za Mama Picha, wakatuma ujumbe. Apolonia akaja, akapiga picha kumi na mbili uani kwenye jua, akarudi Igowole kuzisafisha.

Zilipokauka, alikaa chini. Katikati ya kila picha kulikuwa na doa jeupe, la mviringo, kama mwezi. Na kwa kuwa Bibi Mbuke alikuwa amekaa katikati kila mara, mwezi ule ulimkalia bibi usoni. Wajukuu wote walionekana, mpaka vifungo vya mashati yao. Bibi peke yake hakuwa na uso.

Basi doa lile likamkaa kichwani usiku na mchana. Alibadilisha maji, maana labda maji ya mto yana chumvi. Akatengeneza dawa mpya. Akafuta kioo cha kamera. Akaenda Iringa kwa Bwana Liberatus, wakaikuza picha moja iliyo nzuri kuliko nyingine mpaka ikawa kubwa kama daftari, waone doa lenyewe vizuri. Bwana Liberatus akasema, "Mwanga umeingia. Kifuko kimetoboka." Apolonia akajifungia kabatini na tochi, akaiwasha ndani ya kamera, akakagua kila mkunjo wa ngozi. Hakuna hata tundu la sindano. Akapiga picha nyingine Igowole, kwenye ukungu. Safi kabisa!

"Si uwarudishie ujumbe kwamba Usangu kuna joto, filamu imeungua," shemeji yake Danieli alimshauri. "Nani atakwenda kukuuliza?"

"Nitajiuliza mwenyewe," Apolonia alijibu, akaanza kufunga sanduku.

Ndiyo maana unamwona ameshuka Chimala siku ya Jumatano, na picha mbovu mkobani. Filamu zilizobaki zilikuwa mbili tu, na dukani Iringa aliambiwa asubiri mwezi ujao. Na bibi alikuwa anaondoka Ijumaa asubuhi.

Nyumba ya Bujiku haikuwa mbali na barabara kuu, na mtu wa kwanza Apolonia kumwona alikuwa Bibi Mbuke mwenyewe, kwenye kigoda kando ya lami, akiyasomea malori namba zake kwa sauti. Bibi alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Herufi zilikuwa bado zinamsumbua, lakini namba alikuwa amezikamata, na tangu azikamate hakuna aliyepata amani nyumbani.

"Saba, mbili, tisa!" lori la mafuta lilipita. "Nne, nne, moja!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza. Tano, sifuri… limekimbia, shetani yule. Karibu. Umeniletea uso wangu?"

Apolonia alimbebea kigoda wakaingia uani. Walipokaa, Bujiku akaja, na Shija naye, yule mjukuu mkubwa wa kike ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia bibi masomo yake. Ndipo Apolonia akatoa ile picha kubwa.

"Sikuja kuficha," alisema. "Picha zimeharibika, na bado sijajua zimeharibikaje. Nimekuja kutafuta hapa hapa zilipoharibikia."

Bujiku alipitisha kidole kwenye picha, uso kwa uso. "Mama yangu hana kichwa," alisema.

"Baba!" Shija alimkemea, lakini cheko lilikuwa limeshamtoka.

"Nasema ninachoona. Watoto wote wana vichwa. Hata yule mbuzi aliyejipitisha ana kichwa."

Bibi Mbuke akanyoosha mkono. "Leteni huku." Akaipokea, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye umri wake, akainamisha kichwa.

"Bibi, umeishika kichwa chini miguu juu," Shija alisema.

"Nimeishika ninavyotaka." Akafuata doa kwa kidole. "Hii ni nne."

"Nne nini, mama?" Bujiku aliuliza.

"Namba nne. Ipo hapa, ndani ya huu mwezi. Au mwalimu ametudanganya?"

Shija alicheka mpaka akajishika mbavu. "Bibi sasa anaona namba kila mahali! Jana kasoma sita kwenye mkia wa ndama."

Lakini Apolonia hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya bibi, anachungulia juu ya bega lake. Ndani ya doa kulikuwa na kivuli hafifu. Yeye alikwishakiona mara nyingi, akadhani ni mkwaruzo, kama mguu wa panzi. Picha iliposhikwa kichwa chini, mguu wa panzi ulikuwa nne. Nne iliyonyooka, ya chapa kabisa.

Akapekua mkobani akatoa zile picha nyingine, ndogo ndogo, akampa Shija mwenye macho makali. "Zigeuze. Soma."

"Moja," alisema Shija, na sauti ya kicheko ikaanza kupungua. "Mbili… hii tatu. Tano. Shangazi, hii ni sita! Zimepangwa!"

"Wanacheka watu," Bibi Mbuke alisema, bila kumtazama yeyote.

Apolonia alivua sweta lile, akakaa chini na kamera mapajani. Namba zile alizijua. Filamu huja imeviringishwa pamoja na karatasi yake ya mgongoni, na kwenye karatasi hiyo ndipo zimechapwa namba, moja mpaka kumi na mbili. Mpiga picha huziona kupitia kidirisha kidogo cha kioo chekundu nyuma ya kamera, ajue amefika picha ya ngapi. Kwa hiyo mwanga uliingilia pale kidirishani, ukapenya karatasi, ukamwaga mwezi kwenye filamu na kuichora namba humo humo.

Lakini mbona miaka kumi na miwili haukupenya? Kidirisha ni kile kile. Kilichobadilika ni nini?

Akaikumbuka taa ya Bwana Liberatus. Filamu za zamani ulizisafisha chini ya taa nyekundu, wala hazikudhurika. Hizi mpya, zilizokuja madukani mwaka ule baada ya zile za zamani kuadimika, ukiziwekea taa nyekundu zinaungua nyeusi tii. Alijifunza hilo kwa kuharibu moja, na tangu hapo alizisafisha kwenye giza totoro, kwa kupapasa. Akadhani yameishia hapo.

"Lo," alisema taratibu. "Filamu ya zamani ilikuwa kipofu wa nyekundu. Hii mpya inaona."

"Inaona nini?" Bujiku aliuliza.

"Kioo hiki waliweka chekundu kwa sababu filamu za wakati ule hazikuona nyekundu. Kwao hiki kilikuwa kama ukuta. Hii mpya, kama haitaki taa nyekundu chumbani, itakitaka vipi kioo chekundu mgongoni? Kwetu ukungu umeificha siri, mwanga wenyewe ni haba. Jua lenu la huku limeitoa nje. Kamera haina ubovu, kaka. Filamu nayo haina ubovu. Ila hazijuani."

"Basi ziba hilo dirisha, tumpige mama picha, yaishe."

"Bado. Nadhani, sijajua. Nina filamu mbili. Moja nitaitumia kujaribu."

"Nzima?"

"Nzima. Ikibaki moja, nataka niipige nikiwa najua."

Shija alileta kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Apolonia alikikata, akakibandika ukingo wa juu ili kifunike kidirisha na kufunuka kama kope la jicho. Kisha akauliza ni kitu gani hapo uani kingetulia juani muda mrefu bila kulalamika, akaonyeshwa fahali mmoja mweusi wa Bujiku, amefungwa kwenye mti. Kwa picha za namba zisizogawanyika kwa mbili aliacha kope wazi, mgongo wa kamera ukitazama jua, akihesabu mpaka mia kabla ya kupiga. Kwa zinazogawanyika alifunga kope, akahesabu mpaka mia vile vile. Kila alipotaka kuvuta filamu kwenda namba nyingine, alijifunika kitenge kichwani, kamera na yeye, akafunua kope haraka na kulifunga.

"Yaani ng'ombe apate picha kumi na mbili," Bujiku alilalamika, "na mama yangu hana hata moja!"

"Ng'ombe amekaa vizuri kuliko wanao," Bibi Mbuke alisema.

Ghala la mpunga likawa chumba cha giza. Walizibia nyufa kwa mablanketi, Apolonia akaingia na sinia zake na dawa zake, akafunga mlango. Nje familia nzima ilikaa kama iko msibani. Alipotoka alikuwa ameshika filamu inayodondosha maji, akaiinua mbele ya jua.

"Bibi, njoo unisomee."

Kwenye negativu, ambako cheupe hugeuka cheusi, mwezi huonekana mweusi. Bibi Mbuke akafuata kwa kidole. Moja, doa. Mbili, hakuna. Tatu, doa. Nne… akasita, akaangalia mara ya pili. "Nne haina," alitangaza. Tano, doa. Mpaka kumi na mbili, haikukosea hata mara moja.

Apolonia hakupiga kelele. Alisimama tu wima, mgongo umenyooka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshika kitu chake mwenyewe mkononi. Hakuna kitabu alichokisoma wala mtu aliyemnong'oneza. Bwana Liberatus mwenyewe, na studio yake yote, alisema ni kifuko.

Alhamisi asubuhi Bibi Mbuke alivalishwa, akakaa katikati, wajukuu wakajipanga. Apolonia akaingia chini ya kitenge, akatoka, akapiga. Mara kumi na mbili. Jioni picha zilikuwa zimening'inia kwenye kamba ya nguo, na katika kila moja bibi alikuwa na uso wake wote, mikunjo yote, na lile jino moja la dhahabu aliloapa hatalionyesha. Bujiku alikwenda kamba nzima mpaka mwisho, akarudi mpaka mwanzo. Kisha akasema, "Mama amekuja," na kujifanya anakwenda kuangalia ng'ombe.

Ijumaa, basi likinguruma barabarani, Apolonia alimpa bibi picha safi kuliko zote, ameifunga kwenye karatasi.

"Hiyo waachie hawa," Bibi Mbuke alisema. "Wao ndio watakaonisahau sura. Mimi nipe ile kubwa."

"Ile mbovu?" Shija alishangaa. "Bibi, uso wako hauonekani!"

"Uso wangu Maswa wanaujua, nimezaliwa nao huko. Wasichokijua ni kwamba nimesoma." Akamgeukia Apolonia. "Na wewe mwanangu, wakikuuliza nani aliyeitibu kamera yako, utasemaje?"

"Nitasema mimi na bibi yangu wa Chimala."

"Sema hivyo hivyo. Usipunguze."

Akapanda, picha imekumbatiwa kifuani, na kabla basi halijaondoka walimsikia dirishani akimsomea kondakta namba za tiketi yake.

Apolonia alirudi Igowole akiwa na kope la mpira kwenye kamera, na halikubanduka tena. Bwana Liberatus alipolisikia jambo lile alipanda basi akaja mwenyewe kujifunza, akakalishwa kwenye kigoda, na aliyesimama kueleza alikuwa aliyekuwa mfagiaji wake. Lakini mara nyingi, anapojifunika kitenge kuvuta filamu, Apolonia huiwaza ile picha kubwa iliyokwenda Maswa, na hucheka peke yake humo gizani. Kwa maana ukitaka watu waonekane wamesimama sawasawa, ile nne inakuwa mguu wa panzi. Na ukitaka nne isomeke, familia nzima lazima isimame kwa vichwa.

Sasa wewe unayesoma, unadhani Bibi Mbuke aliitundika upande upi?