Idella

Kila mara madam wangu hapa Jeddah anapofukiza udi, namkumbuka mama alipokuja likizo kutoka Riyadh, mtandio wake ukinukia hivyohivyo. Tulikuwa tunakula simu yake ilipolia.

"Mariamu! Yalla, unarudi lini?" Sauti ya bosi wake ilijaa jikoni.

Mama alisimama wima, tonge mkononi. "Hivi karibuni, madam."

Nyanya aliacha kula. "Mariamu ndiye nani?"

"Ni mimi, mama. Hata msichana aliyenitangulia walimwita hivyo. Majina yetu wanaona taabu kujifunza."

"Taabu gani? Wewe ni Idella! Nesi Mmarekani alinishika mkono siku mbili nikikuzaa, nikakupa jina lake. Alicheka, akasema ni jina la kizee, hata kwao hawalitoi tena. Mpigie umwambie!"

Mama hakupiga. Tulipomzika, bosi wake alituma rambirambi: Mungu amrehemu Mariamu. Sijasamehe.

Siku niliyofika hapa, madam aliniambia, "Halas, tutakuita Mariamu." Nikakataa, nikamwambia naitwa Idella, ingawa si jina langu. Sasa analiita kutwa, nyumba nzima inalisikia, nami naitika.