Alama Chini ya Jicho la Kushoto

Hotelini walimwita Bi Kunyanzi, kwa sababu katika maisha yake yote ya kupiga pasi hakuwahi kuisamehe kunyanzi hata moja. Shuka likipita mikononi mwake na mkunjo mdogo tu pembeni, alilirudisha mezani akalinyoosha upya, wenzake wakimsonya kwamba anawachelewesha. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, mvuke umetanda asubuhi hadi jioni. Bahari ambayo wageni walitoka mbali kuja kuitazama, yeye aliijua kwa mchanga uliobaki kwenye taulo zao. Alipostaafu walimpa keki, saa ya ukutani na maneno matamu. Wakati huo macho yalikuwa yameshaanza kumgomea.

Ni presha ya macho, daktari alimwambia, wala hakumzungusha. "Mama, hii haiponi. Dawa itaichelewesha, lakini itafika tu." Ilikuwa inakula pembeni ikienda katikati, hata ikawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akitazama mlango, haoni kitasa. Akikiona kitasa, mlango umepotea.

Mtu mwingine angetumia nuru iliyobaki kutazama wajukuu, au basi hata tamthilia za runinga. Bi Kunyanzi aliamua kuzunguka makumbusho. Wala si yale makubwa ya mjini yenye viyoyozi na walinzi wa sare. Alitaka yale madogo ya nje ya mji, ya kwenda na kurudi siku moja, ambayo hata majirani zake hawajui kama yapo. Aliyajua kwa vipeperushi. Wapokeaji wageni pale hotelini walikuwa wakivitupa vile ambavyo hakuna mgeni aliyevigusa, naye akaviokota, akavinyoosha kwa pasi ya uvuguvugu na kuviweka.

Sababu yake ilikuwa baba. Baba huyo alimwacha angali akibebwa mgongoni, akafuatana na kundi la vibarua kwenda kufanya kazi ya ujenzi nje ya mji. Ujenzi wa nini hasa, mama mtu hakuwa na hakika. Leo atasema reli, kesho mambo ya maji, keshokutwa chumvi. Baba hakurudi. Alirudi mwenzake mmoja na habari kwamba kazi ilipokwisha walipangwa mistari wakapigwa picha, na baada ya hapo kila mtu akashika njia yake. Kwa hasira, mama mtu aliichukua picha pekee ya mumewe iliyokuwa ndani ya nyumba akaitia motoni, chini ya sufuria. Alikuja kujuta, na majuto yale hayakumwacha mpaka anaingia kaburini. Alichoweza kumwachia binti yake yalikuwa maneno tu: "Chini ya jicho la kushoto ana alama nyeusi ya kuzaliwa, kubwa kama kunde. Ukiiona hiyo, usiulize jina."

Bi Kunyanzi alitaka kumwona baba yake mara moja, kabla giza halijafunga. Hakutaka kingine, wala hakuwa na hasira naye. Hasira alimwachia mama yake, aliyekuwa na haki nayo.

Aliyemwendesha katika safari hizi alikuwa binti yake, mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na roho safi, ambaye hata siku ya mapumziko hakuacha kufoka mtu akigeuka kona bila kuwasha taa.

"Mama, wazee wenzako wanaenda kupunga upepo," alisema. "Wewe unanipeleka kuangalia misumari."

"Endesha."

"Naendesha. Nasema tu."

Na misumari waliiona kweli, kabati zima, katika makumbusho ya reli yaliyokuwa kwenye stesheni isiyopitwa tena na treni. Hapo palikuwa na kengele moja na behewa moja ambalo popo wamelifanya lao. Katika makumbusho ya chumvi waliona majembe ya mbao, na kila jembe lina karatasi iliyoandikwa "Jembe", wasije wageni wakadhani ni kitanda. Kwenye mnara wa taa hawakuona chochote, maana mwenye ufunguo alikuwa amesafiri, na amesafiri nao. Waliporudi mara ya pili walimkuta, lakini picha zilizokuwamo zilikuwa za meli tu, bila watu.

Penye picha ya watu, Bi Kunyanzi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alianza na mtu wa kwanza wa mstari wa mbele, akamtazama mpaka akamaliza, ndipo akamwendea wa pili. Binti angeweza kuimaliza picha nzima kwa kupepesa jicho, na kwa kweli aliimaliza, akajua mapema kwamba hakuna kitu. Lakini alimwacha mama afike mwisho mwenyewe.

"Hayumo," mama alisema wakishaingia garini.

"Hayumo, mama."

"Labda kwingine."

Tatizo ni kwamba kwingine kulikuwa kunakwisha, na tundu la ufunguo lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Asubuhi moja alimimina chai nje ya kikombe, ikamwagika mezani yote, naye akaendelea kumimina. Binti aliona. Akaenda kutafuta funguo za gari.

Kipeperushi cha mwisho kilikuwa cha mtambo wa zamani wa kusukuma maji, nyuma ya vilima, jengo la matofali lenye bomba kubwa linaloingia ukutani na kutotokea popote. Mlangoni alisimama mzee mwembamba mwenye kitambaa begani. Alikuwa mlinzi, mkata tiketi, mfagizi na mwelezaji, vyote yeye.

"Shikamoo, mzee," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Futeni miguu kwanza."

Bi Kunyanzi alimpenda hapo hapo. Ndani, sakafu ilinukia sabuni. Shaba za pampu ziling'aa mpaka yeye mwenyewe, na macho yale, akaona mng'ao. Hakuna vumbi, hakuna utando wa buibui, hakuna popo. Alipitisha kidole juu ya reli ya ngazi, akakitazama kidole, kikawa safi.

"Hapa pana mtu," alisema.

"Nipo tangu ujana, dada yangu," mzee alisema, kifua mbele. "Wakubwa wamenisahau, lakini mahali sikupasahau. Kila asubuhi nafuta kila kitu. Kila kitu kabisa."

"Na picha? Picha ya watu waliojenga?"

"Ipo! Moja, kubwa. Walipigwa siku ya kumaliza, wote pamoja, hapo hapo nje uliposhukia."

Bi Kunyanzi alishika pampu. Moyo ulimwambia ndiyo hii, na moyo wake haukuwa na tabia ya kusema ovyo. Binti, aliyezoea kutangulia, alitangulia chumba cha pili. Alisimama mbele ya picha. Halafu akageuka upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta lina mwenyewe.

"Mama, twende. Hii siyo."

"Mbona hujanisubiri?"

"Siyo, mama. Twende tu nyumbani."

Lakini mama alikuwa ameshafika. Aliweka pua karibu na ukuta, akaanza na mstari wa mbele, wa waliochuchumaa. Aliona sepetu. Aliona viatu, na miguu isiyo na viatu, na magoti, na mikono iliyopumzika juu ya magoti. Akapanda kutafuta uso, akakuta weupe. Akahamia kwa wa pili, mikono, shati, kola, weupe. Alidhani ni macho yake. Aliyafumba, akayafumbua, akajaribu wa tatu.

"Mwanangu, taa imewaka?"

"Imewaka, mama," binti alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Nyuso zao ziko wapi? Umewafanya nini watu hawa?"

Mzee alishusha kitambaa begani akakikunja, akakikunjua. Kioo cha picha kilivunjika zamani, alieleza, siku walipopaka ukuta rangi. Aliomba kingine, akaambiwa asubiri, na yule aliyemwambia asubiri alistaafu, akaja mwingine naye akamwambia asubiri. Vumbi halisubiri. Basi akawa anaifuta picha yenyewe, asubuhi asubuhi, kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa upole, kama unavyomwosha mtoto uso. Alipokuja kutambua kwamba wanapauka, walikuwa wameshapauka.

"Sikutaka wageni wawakute wachafu," alisema. "Nilikuwa nawaheshimu."

Bi Kunyanzi hakumkaripia. Yeye naye alikuwa mtu wa usafi maisha yake yote, na aliona wazi kabisa, kuliko alivyoona kitu chochote siku ile, kwamba angefanya vilevile. Hilo lilimuuma zaidi.

"Wewe uliwaona kabla hawajafutika, kaka," alisema taratibu. "Kila siku uliwaona. Unawakumbuka?"

"Nilikuwa nawajua kama ndugu zangu. Sasa, dada, nikwambie kweli, wamechanganyika. Nakumbuka mmoja alikuwa anacheka. Na nakumbuka huyu." Aliweka kidole kwenye mstari wa nyuma, mtu wa pembeni kabisa, ambaye mabega yake yalionekana vizuri, lakini juu ya shingo karatasi ilikuwa imekwanguka mpaka ubao wa nyuma ukatokeza. "Huyu alinitoa jasho. Wenzake walipauka polepole, huyu nilimmaliza mimi mwenyewe. Alikuwa na uchafu usoni."

"Uchafu gani?"

"Doa jeusi, la mviringo. Nilidhani ni kinyesi cha nzi, au lami. Nilimsugua huyu kuliko wote."

"Upande gani?"

Mzee alifikiri, akajigusa shavu lake mwenyewe ili apate uhakika. "Kushoto. Hapa, chini ya jicho."

Binti alimshika mama yake mkono, juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anavyomshika mwanafunzi anayetaka kuingia barabarani bila kutazama. Bi Kunyanzi hakulia. Alisogea, akaweka uso wake mbele ya pale palipokwanguka, karibu kabisa, akapatazama kwa muda mrefu, jinsi alivyowatazama wengine wote, mpaka akamaliza. Shati la mtu yule lilikuwa na kunyanzi begani. Mkono wa kulia ulishika kofia. Hayo aliyaona vizuri.

"Mpaka leo najiuliza lilikuwa doa la nini," mzee alisema nyuma yake.

Binti alifungua mdomo kumwambia. Mama alimbana vidole, naye akaufunga.

"Lilikuwa doa tu, kaka," Bi Kunyanzi alisema. "Usijisumbue. Mimi nimefanya kazi ya nguo maisha yangu yote, nayajua madoa. Mengine hayatoki hata ufanye nini."

"Aa, hapana, dada," mzee alisema, na ingawa alikuwa na huzuni hakuweza kujizuia, sauti ilipanda kidogo kwa fahari ya kazi. "Lile lilitoka. Lilitoka lote."