Chaki Yangu kwenye Tairi ya Shemeji

Mimi nakata viatu kutoka tairi zilizochoka. Meza yangu iko sokoni Nchelenge, karibu na wauza samaki, na nusu ya Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi, inatembea juu ya kazi yangu. Kwetu fundi hangoji tairi itupwe. Anaiwekea alama ya chaki ingali garini, na hapo fundi mwingine haigusi tena. Kwa hiyo nilizoea kuzunguka stendi nikipapasa tairi za watu bila haya. Madereva waliniita fisi.

Tairi niliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya shemeji, mume wa dada yangu. Pikapu yake ilibeba samaki wakavu, na watu juu ya samaki, Mununga kwenda na kurudi. Ile ya nyuma kushoto ilikuwa imelainika kama goti la mutoto. Nikamwambia itapasuka. Akawaambia abiria wasinisikilize, eti natafuta ngozi ya viatu. Na kweli nilikuwa naitafuta! Ubaya ndio huo: mutu akikuonya huku ameshika kisu, nani atamsadiki? Kila asubuhi shemeji aliipiga tairi teke moja, akatega sikio, akasema iko nzima. Ukaguzi wake ulikuwa huo tu.

Halafu mama akaamua kwenda Mununga kwenye harusi ya mjukuu wake, na kwa gari gani kama si la mukwe wake? Hapo nikaogopa, wala sioni aibu kusema. Shemeji alipokuwa akifunga mizigo, nikainama nikachora alama yangu kwenye tairi ile, kubwa, mara tatu.

Mama akaja na kitenge chake kipya, akainua mguu apande, akaona chaki. Alama hiyo anaijua. Ndiyo inayomlisha tangu tuvuke ziwa. Akashusha mguu.

"Papa," akamwambia mukwe wake polepole, "ile si pine tena. Ile ni viatu, bado tu kukatwa. Miye sipande."

Mimi angenijibu mpaka jioni. Mama mukwe hajibiwi, wala hatazamwi usoni. Shemeji akabaki ameinamisha macho, na huko chini alikutana na tairi. Abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja, kila mutu akijifanya amesahau kitu nyumbani. Ikabidi aende kuazima tairi nyingine. Walifika harusini bukari imekwisha kuliwa, na mama alininunia mimi wiki nzima.

Shemeji aliporudi aliitupa ile tairi mezani kwangu. Nikaanza kuikata. Kisu hakijafika mbali, kidole changu kikaingia kwenye ufa upande mmoja kikatokea wa pili. Mpira wa ndani peke yake ndio ulikuwa umezuia upepo. Nilimwonyesha. Hakucheka, na mimi kicheko kiliniisha.

Lakini mimi ni mimi. Nikamkatia viatu kutoka tairi hiyohiyo, zawadi. Jumapili mvua ilinyesha, na mlangoni pa kanisa shemeji akateleza, akaketi matopeni mbele ya kwaya nzima. Mama alikuwa nyuma yake. Shemeji akainuka, akageuza kiatu akatazama chini yake, kisha akamtazama mama usoni, mara ya kwanza tangu amuoe dada.

Kesho yake hakupiga tairi teke. Alikuja mezani kuniomba kipande cha chaki, aziwekee alama mwenyewe.