Fundi wa Pongwe Anayekanyaga Cherehani kwa Mguu Mmoja

Saa tatu asubuhi, mgeni asiyetarajiwa anapanda baraza ya fundi Idarusi Mwinyijuma, hapa Pongwe. Anachechemea, kitambaa cheupe kwapani.

"Nataka kanzu ya Idi," anasema. Anaitwa Massoud, mkulima wa Moa.

Cherehani inanguruma. Inakanyagwa na mguu mmoja tu, wa kulia.

"Fundi, mguu mmoja unatosha?"

"Usitazame mguu, tazama mshono," anajibu Idarusi. Wateja barazani wanacheka.

Idarusi hushona kanzu mbili kwa siku, kama zamani. Hilo hulisema kwa sauti ya juu.

Anapompima mgeni, anasita. Harufu inayotoka mguuni mwake anaijua.

"Mguu una nini, bwana?"

"Kidonda cha mfupa, tangu utoto. Kinatoa usaha, kinakauka, kinatoa tena. Lakini sasa kinapona. Nyama imeota, inajaa."

Idarusi anaweka chini utepe wa kupimia.

"Nami nilifurahi hivyo hivyo. Mfupa wa muundi, hapa chini ya goti, ulitoa usaha miaka thelathini. Nyama ilipoota nikachinja jogoo, nikaita majirani. Kumbe ni saratani, imeanzia katika kidonda kilekile."

Mwaka jana, 1956, mguu huo ulikatwa hospitalini mjini Tanga. Aliporudi alianguka mara nyingi kutoka kwenye kiti cha cherehani kabla ya mguu uliobaki kuzoea.

"Bora nife na miguu yangu," anasema Massoud.

Mwanamkasi, mke wa fundi, anashona vifungo bila kuinua kichwa. "Na huyu alisema hivyo. Mguu umepungua, maneno hayajapungua."

Massoud anatabasamu kidogo.

"Chako huenda siyo saratani, ndugu yangu," anasema Idarusi. "Daktari ndiye atakayejua. Kesho asubuhi nitakungoja mlangoni pa hospitali."

"Fundi, keshokutwa ni Idi," mteja mmoja anaguna. "Na kanzu zetu?"

Alfajiri inayofuata, Idarusi anawarudishia wateja vitambaa ambavyo havijakatwa. Wanavipeleka kwa fundi mwingine. Hii ndiyo wiki inayomlisha miezi kadhaa.

"Wataniona mjinga," anamwambia abiria wa kando yake ndani ya basi. "Lakini natamani kila mwenye kidonda cha mfupa aonwe mapema. Pengine Massoud atabaki na mguu."

Hospitalini, jua linapanda na Massoud haonekani. Idarusi hakubali kuondoka.

Karibu na adhuhuri, mtu anachechemea langoni, anasimama, anageuza uso kama anayetaka kurudi.

Idarusi anashika magongo, anainuka. "Massoud, nipo. Twende, nitaingia nawe."