Vitambaa vya Kaburi la Nguzo

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana haya yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa mlinzi wa gofu la msikiti wa kale, ng'ambo ya Kawe. Nyuma yake palikuwa na kaburi la nguzo, na wanawake walikuja hapo kuweka nadhiri. Mtu anafukiza ubani, anafunga kitambaa kwenye mti wa pembeni, anaondoka bila kumwambia yeyote ameomba nini. Akijaliwa, anarudi kukifungua kwa mkono wake. Kumfungulia mwenzako ni mwiko. Hayo niliyajua tangu utotoni, sijitetei.

Basi Serikali ikasema pale sasa ni mahali pa kumbukumbu. Kikasimamishwa kibao, nikapewa kofia na viatu, na Bwana wa mambo ya kale akaniambia wageni wanakuja Jumatatu, niondoe takataka. Nikaondoa. Vyetezo vyao vya ubani nilivitupa, vitambaa nikavikata vyote kwa panga nikavichoma. Cheo kilinilevya, ndivyo nionavyo.

Moto ulipobaki makaa, nikamwona mwanamke wa makamo amesimama kando yangu, amejifunga kaniki. Sikumsikia akija. Nikamwamkia shikamoo. Akainama, akaingiza mkono kwenye makaa mekundu, akapapasa taratibu kama anayechagua mchele. Wallahi, ngozi yake haikubabuka. Akatoa pindo la kanga, akanipa. Lilikuwa la baridi, tena limelowa.

"Umelifungua wewe," akasema. "Basi nadhiri hii ni yako. Nenda nyumbani."

Nilipoinua macho hakuwapo. Njia ya pale ni moja tu, alipita wapi?

Nyumbani nilifika nalo mkononi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili kuharibika. Alipoliona lile pindo alikaa chini pale pale mlangoni. Kisha akaleta kanga yake iliyokatwa ncha, tukaviunganisha, vikalingana.

"Umelitoa wapi, mume wangu?" akauliza. "Nilitaka nikalifungue mwenyewe, mwanangu akiwa mgongoni."

Nilirudi mbio kulifunga tena. Niamini, kila fundo nililopiga lililegea mikononi mwangu.

Jumatatu, wageni walipokuwa wakisifu usafi, mtoto alizaliwa. Wa kiume. Hakulia, wala hakuvuta pumzi. Hatukupata mwingine, na mke wangu hajanigombeza hata siku moja. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nawe ukipewa kazi ya kusafisha mahali watu wanapoombea, usiguse kitambaa kabla hujauliza ni cha nani. Mimi sikuuliza, na changu kilikuwamo.