Moshi Aliompikia Lavinia

Enoch Tapsell aliendesha kichwa cha treni kidogo, cha kijani, kisicho na paa, kwenye mahandaki ya chini ya London. Kazi ilimpa ndevu hadi kifuani, maana madereva wote walizifuga wachuje nazo moshi, na ilimpa mkate. Muda wa kukaa na mkewe haikumpa. Alitoka Lavinia amelala, akarudi Lavinia amelala.

Lavinia alikuwa na pumu. Madaktari walishachoka naye, na mfa maji haishi kutapatapa. Karakana nzima iliamini kwamba moshi wa chini, kwa ile salfa yake, hutibu vifua. Watu wazima na akili zao walilipa nauli washuke kuuvuta. Basi Enoch naye akamshusha mkewe, akamkalisha kwenye benchi la kituo cha Gower Street. Kila mchana Lavinia alikaa pale na shali lake, akimpungia mkono treni yake ilipopita.

"Mapenzi ni kikohozi, bwana," wenzake walimtania. "Ya kwako yanasikika mpaka barabarani."

Ili handaki lisijae moshi, kanuni ilitaka mvuke uelekezwe kwenye matangi ya maji treni ikiwa handakini, na moto usitiwe makaa mabichi. Enoch aliifuata miaka yote. Sasa, wakikaribia Gower Street, alimwambia mchochea moto atupie makaa, akaacha kila kitu kitoke kwa bomba, ili mkewe apate dozi nzito. Abiria walimtukana. Hakujali hata kidogo.

"Unaona nafuu?" alimuuliza Jumapili moja.

"Naona. Jana ulikuwa mzito, ulinifika mpaka ndani."

Siku moja ya Novemba Lavinia hakupunga mkono. Kichwa alikuwa amekiinamisha, shali limeanguka. Enoch alitaka kushuka, lakini ishara ya kuondoka ilikwisha kutolewa na nyuma yake kulikuwa na treni nyingine. Akaondoka. Alizunguka na treni mji mzima, kama reli ilivyozunguka, akijiambia kwamba mkewe amesinzia tu. Aliporudi, benchi lilikuwa tupu, na mkuu wa kituo amevua kofia.

Msibani, Dorcas, dada wa marehemu, hakumlaumu. Heri angemlaumu.

"Shemeji, moshi ule ulikuwa unamuua, na alijua," alisema. "Nilimkataza. Akaniambia, 'Nyumbani simwoni.'"

Enoch alilia mbele za watu mpaka ndevu zikalowa.

Kazini alirudi, angekula nini? Lakini sasa hapakuwa na dereva mwenye moshi mwepesi kama wake. Mwaka uliofuata alimkuta mwanamke mmoja kwenye benchi lile, anahema, anauvuta moshi kwa bidii kama mtu anayekunywa uji wa mgonjwa. Ishara ya kuondoka ilikwisha kutolewa. Enoch akashuka, akamshika mkono.

"Panda juu utoke nje, mama," alimwambia. "Nenda kakae na watu wako."

Akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Treni za nyuma zikasubiri.